Babu Bado Anafuatilia

9 Januari

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Hujambo na meno yako? Niliyatengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo sitaki kusikia kwamba unayavua mbele za wageni. Mama anasema simu niliyokuachia umeifungia kabatini kwa sababu inalia kama mtoto asiye na adabu. Haya, nimenunua kalamu.

Mimi mzima. Chumba changu kiko juu ya duka la kufulia nguo. Mashine zikianza kuzunguka asubuhi na kitanda kinatetemeka, kwa hiyo sihitaji saa ya kuniamsha. Jiko natumia pamoja na muuguzi mmoja, naye mgeni hapa kama mimi. Ni mtu mwema, ila hapiki bila kuimba, na haimbi bila kuunguza. Kazi nimepata ya muda, hotelini, idara ya usafi wa mazingira ya ndani.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini. Kuna kituo hapa cha kuwasaidia wageni wenye ujuzi wapate kazi waliyoisomea. Kazi yenyewe hawatoi, wanakuonyesha njia: namna ya kuandika wasifu, namna ya kujibu kwenye usaili, ofisi gani inapima vyeti vya nje. Nimepangiwa mshauri, dada mmoja mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na kila nikiingia namkuta anatafuta ya tatu. Amesema bila leseni siruhusiwi kumtengenezea mtu hata jino moja hapa. Na bodi ya leseni haitaki nakala zangu. Inataka chuo chetu chenyewe kiitumie matokeo yangu, moja kwa moja, kwenye bahasha yenye muhuri, kabla ya mwisho wa Machi.

Chuo nimewaandikia mara kadhaa, kimya. Mama na duka lake hawezi kwenda kupanga foleni. Wewe cherehani umeshaiuza, muda unao. Utanifuatilia?

Mkeo mdogo, mjukuu wako

2 Februari

Mke wangu wa mbali,

Marahaba. Meno hayajambo, yanatafuna kila kitu isipokuwa maneno ya mama yako. Yeye mzima, duka lake la vifaa vya shule linakwenda, na mimi ananitazama kama bidhaa iliyokaa rafuni muda mrefu. Mguu wa kushoto unalalamika asubuhi, ikifika mchana umesahau.

Nimekwenda chuoni kwako. Nilivaa koti la kijivu. Masjala yao iko mwisho wa korido, mlango umekwama, unausukuma kwa bega. Ndani makabati yamejaa mpaka darini, na nyuma ya meza yupo mama mmoja, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Akaniuliza, "Mzee, huyu unayemfuatilia ni nani wako?"

"Mke wangu," nikasema.

Akainuka, akalitafuta faili lako, akalifungua, akaitazama tarehe yako ya kuzaliwa, kisha akanitazama mimi. "Mzee, nikuitie mlinzi au nikuitie mwanasheria?"

Nilicheka mpaka meno yakataka kutangulia nje. Nikamweleza ukweli. Akasema matokeo yako yapo, tena mazuri, ila hawezi kuyatuma bila barua yako yenye saini ya kunipa mimi idhini. Basi iandike upesi.

Na neno moja. Hiyo idara ya usafi wa mazingira ya ndani nimeisoma, nikairudia. Ni kufagia?

Mumeo

14 Februari

Babu, shikamoo.

Barua ya idhini hiyo humo ndani. Saini nimeipiga kama ya siku zile za chuo, na mkia wake mrefu.

Huku mvua haikatiki, na muuguzi ameunguza sufuria nyingine. Juzi kituoni tulifanya mazoezi ya usaili. Tulikuwa mhandisi wa maji, mwalimu wa fizikia na mimi. Mshauri akajifanya mkuu wa maabara ya meno, akanikazia macho. "Niambie mafanikio yako."

Nikasema, "Tuliwatengenezea meno wazee wengi, tukapunguza makosa, tukafundisha wanafunzi."

Akashusha miwani. "Hao wenzako wako nje? Nao wanaomba kazi?"

Mhandisi wa maji alicheka mpaka akapaliwa. Nikajaribu upya: "Mimi, kwa kushirikiana na wenzangu..." Mshauri akanyanyua mkono. "Ishia kwenye mimi."

Babu, siwezi. Tangu utotoni nimeambiwa anayejitaja sana hana adabu, leo naambiwa asiyejitaja hana kazi. Wewe wateja ulikuwa unawaambiaje?

Bahasha tafadhali isichelewe. Machi ikipita, nitasubiri mpaka mwakani, na kibali changu cha kukaa hakisubiri mtu.

Mkeo

18 Machi

Mke wangu,

Tumshukuru Mungu, tupo. Mama yako amepaka duka rangi mpya, ya kijani. Ameniuliza naionaje, nikasema nzuri, akasema nimejibu haraka mno.

Wateja sikuwaambia kitu. Nilimvalisha mtu suruali yake, nikamsogeza mbele ya kioo. Lakini wewe huwezi kumvalisha meno mtu anayekusaili. Basi sema hivi: mimi nilipima, mimi nilikata, na nilipokosea mimi nilifumua. Ukilitia na kosa lako humo ndani, mdomo hautaona haya.

Kuhusu bahasha, ondoa hofu, itafika. Mimi nafuatilia. Jumanne moja nilikwenda, nikaambiwa mwenye muhuri yuko semina. Jumanne iliyofuata muhuri upo, wino hakuna. Juzi nimekwenda tena kuhakikisha. Mama wa Masjala anasema mambo haya hayataki pupa. Koti lake lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, nikalichukua nikalirekebisha kwa sindano ya mkono. Droo yake nayo ilikuwa haifungi, nikaisugua mshumaa, sasa inateleza. Anacheka huku kaziba mdomo, sijui kwa nini, meno yake ni mazuri, ungeyaona ungeyasifu.

Bado nafuatilia.

Mumeo

10 Aprili

Mume wangu,

Shikamoo. Bahasha imefika! Mshauri amenipigia, nikaacha kila kitu nikakimbia kituoni. Bodi imeyakubali masomo yangu yote. Umebaki mtihani wa vitendo tu, wiki ijayo.

Jambo moja dogo. Bodi wametupa nakala ya bahasha, na muhuri wa posta unasema iliondoka huko tarehe ishirini na saba Februari. Sasa naomba kuuliza, kwa heshima zote za mjukuu: mwezi wa tatu mzima ulikuwa unafuatilia nini?

Mkeo anayesubiri jibu

6 Mei

Mke wangu,

Hapa hatujambo. Paa la nyuma limevuja, fundi amekuja, akapanda, akashuka, akasema tatizo liko juu. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa, anawika muda wowote anaojisikia. Mama yako anauliza kama unakula vizuri. Bei ya vitambaa imepanda, mimi sinunui, lakini napita kuuliza tu nisipitwe. Mguu sasa unalalamika wa kulia.

Kuhusu Machi, yalikuwapo mambo madogo ya kukamilisha.

Nimeona barua yako fupi niliyopata juzi haisemi mtihani umekwendaje. Umeandika kuhusu mvua, ukaandika kuhusu muuguzi, ukatia saini. Mimi sijasema kitu na wewe hujasema kitu, tunalingana. Lakini wewe ndiye kijana, una pumzi. Anza wewe.

Mumeo

24 Mei

Babu, shikamoo.

Barua ya paa nimeisoma, nikamsomea na muuguzi. Haya, naanza.

Ndiyo, ni kufagia. Na kutandika vitanda, na kusukuma toroli la mashuka kwenye korido yenye zulia linalong'ang'ania magurudumu. Si kazi ya aibu, na wenzangu ni watu wa maana, mmoja alikuwa hakimu kwao. Ila nilitaka wewe uendelee kuniona na koti jeupe.

Na mtihani nimeanguka.

Sehemu ya kuchonga meno ya nta nilifanya vizuri. Halafu wakanikalisha mbele ya kompyuta. Huku meno yanachorwa kwanza kwenye kioo, kisha mashine inayachonga. Mimi maisha yangu yote ni kisu, nta na taa ya spiriti. Nilijaribu kusogeza gego moja kidogo tu, likaruka likatua upande wa pili wa mdomo. Nikilirudisha, linakwenda na mwenzake. Msimamizi alinipa pole, na nilijua pole ile ni ya aina gani.

Nikaenda kituoni kumwambia mshauri nimeacha. Nilitegemea anibembeleze. Alinisogezea kiti, akaniacha nilie, yeye akaendelea kula biskuti. Nilipomaliza akanisogezea na mimi pakiti. Akasema ipo maabara inatafuta msaidizi wa kukoroga plasta ya kufinyangia mifano ya meno, kuosha vyombo na kupeleka meno kwa madaktari. Jioni wanafundisha ile kompyuta, na mafunzo yanalipiwa na kituo.

"Kwa hiyo siyo fundi," nikasema.

"Siyo fundi," akasema. "Msaidizi."

Kukoroga plasta, babu! Mimi niliyekuwa na wasaidizi wangu. Nimemwambia nitafikiri. Nafasi wanaishikilia mpaka mwisho wa Juni.

Sasa zamu yako, na paa usilitaje.

Mjukuu wako

12 Juni

Mjukuu wangu,

Pole, mama. Gego lile limenichekesha halafu likaniuma. Na toroli la mashuka ungeniambia tangu mwanzo, mimi ni mtu wa vitambaa, ningekuuliza ni pamba au siyo.

Nasema sasa. Bahasha yako iliondoka siku ileile barua ya idhini ilipofika. Muhuri ulikuwepo, wino ulikuwepo, na mwenye muhuri alikuwa kakaa pale anakunywa chai. Ilinipasa kukuandikia siku ileile usipate wasiwasi, sikufanya hivyo, na hilo unisamehe. Ningekuandikia, kazi ya kufuatilia ingekuwa imekwisha.

Jumanne iliyofuata nikajikuta nimevaa koti. Nilipofika akaniuliza, "Mzee, kuna tatizo?"

"Nimekuja kufuatilia."

"Bahasha si imeshaondoka?"

"Nimekuja kufuatilia kama iliondoka vizuri."

Akavuta kiti.

Ni mjane. Watoto wake wamekwisha jitegemea, na mwisho wa mwaka anastaafu. Mafaili ya watu wote anayajua na la mtu halisemi. Nimemwomba tuoane, akakubali kwa sharti moja, kwamba nimwambie kwanza mwanangu. Nikamwambia mama yako tukiwa mezani. Hakupiga kelele. Aliweka kijiko, akakunja kitambaa cha mezani vizuri, akaondoka kwenda dukani, na siku hiyo duka huwa halifunguliwi. Tangu hapo naambiwa "chakula tayari" na "funga mlango", basi.

Bibi yako sijamsahau. Alinikubali nikiwa sina hata mkasi wangu, na mpaka leo nikiona kitambaa kizuri nageuka nimwonyeshe. Sielewi mwenyewe moyo unawezaje kuwa umejaa na bado ukawa na nafasi. Nadhani mama yako anaona namfuta mama yake, na mimi maneno ya kumwambia sivyo sina. Wewe anakusikiliza, utanisemea?

Kuhusu plasta sitakushauri. Jiulize tu kama unaipenda kazi yenyewe au unapenda kuitwa fundi. Jibu lako ukae nalo.

Babu

8 Julai

Mume wangu msaliti,

Shikamoo. Nakoroga plasta.

Siku ya kwanza niliikoroga nzito ikaganda bakulini, mbele ya watu wote, mimi mwenye cheti. Mkuu wa maabara ni mzee mfupi ambaye hasalimii mtu kabla ya chai. Alilitazama bakuli, akalipindua, plasta ikabaki imeshikilia, akasema, "Hili tutaliweka mlangoni lizuie upepo." Nilicheka, na kicheko kikanishangaza, maana sikumbuki cha mwisho kilikuwa lini. Nilipovuta harufu ya nta asubuhi ile nilijua nimeshajijibu.

Anayenifundisha kompyuta ni mama wa umri wa Mama. Mashine anaiita Mkwe, kwa sababu ukiisemesha kwa hasira inanuna. Magego yangu sasa yanakaa upande wake.

Barua yako ilinikasirisha, nikuambie tu. Niliingia jikoni nikamwambia muuguzi, "Babu yangu anaoa!" kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, na yeye akafurahi mpaka akaunguza mboga. Nilikaa na picha ya bibi kwa muda. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa baada ya msiba, unakata chakula vipande vidogo vidogo, unavipanga kwenye sahani, huli hata kimoja. Hasira ikakosa pa kukaa.

Mama nimemwandikia. Sikukutetea sana. Nilimwuliza tu ni tangu lini hajakusikia ukicheka. Hajanijibu.

Halafu, huyo mchumba anajua kwamba unakoroma?

Mkeo wa kwanza

31 Agosti

Mke wangu wa kwanza,

Anajua. Nimesinzia ofisini kwake mara moja, nilipoamka akaniigizia mlio wote.

Kaa chini nikuambie. Jumanne nilikwenda masjala kama kawaida, nikausukuma mlango kwa bega, nikakuta kiti changu kina mtu. Mama yako! Alikuwa amefunga duka, wiki ya shule kufunguliwa, wateja wamejaa barabarani wanatafuta madaftari. Wote wawili macho mekundu, na chai mbele yao imepoa.

"Baba," akasema, "subiri nje."

Nikasubiri nje, kwenye benchi wanakokaa wanafunzi wanaodaiwa ada. Mmoja akaniuliza kwa huruma, "Na wewe, mzee, jina halionekani?" Nikamwambia ndiyo kwanza linatafutwa. Ndani sikusikia kitu, masikio yangu unayajua. Mama yako alipotoka alinipita, akafika katikati ya korido, akageuka. "Jumapili anakuja kula. Na hilo koti lipige pasi, unatutia aibu."

Walichozungumza hakuna anayeniambia. Nimemwuliza mchumba, akasema mafaili ya watu hayafunguliwi bila idhini.

Jumapili alikuja. Mama yako hakuchangamka, lakini alipakua kwa mkono mkubwa. Tutafunga ndoa Desemba, watu wachache. Najua nauli na ruhusa ni shida, sitakuuliza kama utakuja ili usilazimike kusema hapana.

Mumeo kwa sasa

20 Novemba

Babu, shikamoo.

NIMEFAULU. Mtihani nimeurudia, sehemu zote mbili, nta na Mkwe!

Mkuu wa maabara aliniita baada ya chai. "Kwa nini nikupe benchi la fundi?" akauliza, kana kwamba hajaniona miezi yote hii. Nikamwambia mimi napima, mimi nachonga, na nikikosea mimi nafumua. Akatazama dirishani kidogo. "La karibu na mwanga," akasema. Hotelini, nilikokuwa bado nafanya zamu za wikendi, nimeaga, yule hakimu alinikumbatia kwa nguvu mpaka kamba ya kitambulisho changu ikakatika.

Muuguzi wangu yeye bado. Vyeti vyake vimerudishwa tena, safari hii kwa sababu jina la chuo limeandikwa kwa herufi tofauti sehemu mbili. Jana tulikaa jikoni tukaandika barua upya, na alikuwa haimbi, babu, na chakula kilitoka kizuri, na hakuna aliyekifurahia. Kesho namsindikiza kwa mshauri.

Kuja siwezi. Ulifanya vizuri kutoniuliza. Siku hiyo nitavaa gauni ulilonishonea la mwisho, nitafanya kazi nalo chini ya koti jeupe. Uniandikie kila kitu. Mama alivaa nini, nani alilia, nani alikula mara mbili.

Mkeo mstaafu

28 Desemba

Mjukuu wangu,

Marahaba, na hongera, fundi. Barua yako niliipeleka kwa kila jirani, hata mwenye jogoo.

Tumeoana. Mama yako alivaa kijani, rangi ya duka. Aliyelia ni mimi. Aliyekula mara mbili pia ni mimi. Bibi harusi alivaa gauni nililolishona kwa cherehani ya kuazima, na mkono mmoja nilikosea, kwa hiyo asubuhi ya ndoa nilikuwa nafumua. Msajili alipoita mashahidi, mama yako alisogea mbele kabla hajatajwa, akaweka saini, akarudi kukaa, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na akakitafuta muda mrefu.

Picha ya bibi yako iko palepale ukutani. Mke wangu ndiye aliyeipangusa vumbi siku aliyohamia, mimi sikumwambia.

Jioni wageni walipoondoka nilikuwa nimekaa sebuleni, nimevua viatu. Mama yako na mke wangu walikuwa jikoni, mmoja anaosha vyombo, mwingine anakausha. Unajua masikio yangu, lakini nyumba ilikuwa kimya. Nikamsikia mama yako akisema, haraka haraka, kama mtu anayepima maji kwa kidole kabla ya kuoga, "Mama, niletee ile sahani."

Bomba tu linatiririka.

"Abee, mwanangu," mwenzake akaitika. "Hii hapa."

Wakaendelea kuosha.

Babu yako